Mpiga Besi Nyuma ya Nguzo

Hotelini, 3 Machi

Dada yangu mpendwa,

Barua yako imefika ikiwa imefunguliwa upande mmoja na kufungwa tena kwa gundi ya mapokezi, kwa hiyo ukiandika tena usisahau kuwasalimia na wasomaji wengine. Mapokezi anakaa mke wa shemeji yangu mkubwa. Barua zote hupita kwake, na simu pia. Ndiyo maana sikupigii.

Umenitumia wapiga besi wako bora wa jazi ukataka nikutumie wangu wa roki, kama tulivyokuwa tukibishana kwenye kile kitanda cha ghorofa, wewe juu, mimi chini, baba akigonga ukuta. Haya. Fundi Saa wako nampa heshima yake. Mtu anayechelewa kila noti kwa unywele mmoja, na bendi nzima ikamsubiri, huyo ana kipaji au ana deni na mwenye bendi. Lakini namba moja wangu ni Mlingoti. Umepata kumwona jukwaani? Wenzake wanaruka, wanavunja vitu, mmoja kavua shati. Yeye kasimama kama anangoja kuitwa na daktari, na noti yake moja. Moja tu, dakika nne nzima, na wimbo mzima umeegemea pale. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Mimi mzima. Bado napiga besi nyuma ya nguzo. Usidhani nasema kwa mafumbo, ni nguzo kweli, ya tatu ukitokea mlangoni, na wameizungushia vioo, kwa hiyo mgeni akitaka kujua nani anapiga besi hujiona yeye mwenyewe. Mwaka wa kumi na moja huu. Baba mkwe, ambaye hata wanawe humwita Kiongozi, anapuliza saksafoni. Shemeji mkubwa yuko kwenye dramu, shemeji mdogo kwenye piano, mke wangu anaimba. Wote walizaliwa ndani ya bendi, mimi peke yangu nimeingia kwa mlango. Watu husema nilioa. Ukweli ni kwamba mpiga besi wao alikuwa amestaafu na binti yao alikuwa hajaolewa, wakamaliza mambo mawili kwa siku moja.

Tunapiga wakati wa chakula cha mchana na wakati wa chai. Nyimbo arobaini, zilezile, kwa mpangilio uleule. Tunalala kwenye ujia mmoja wa chini, milango mitano inatazamana. Nikikohoa, milango minne hunipa pole.

Na ule utepe mwekundu bado upo. Nilikueleza? Mwaka wa tatu, kwenye mkutano wa mawakala wa bima, nilisahau niko wapi. Mke wangu alikuwa anaimba taratibu, vidole vyangu vikapanda shingo ya gitaa mpaka kule juu, wageni wakaweka uma chini wakageuka. Kiongozi akaacha kupuliza. Kesho yake nikakuta utepe wa mafundi umeme umezungushwa kwenye kichuma cha tano cha shingo, katika vile vichuma vinavyotenganisha noti. Mke wangu akaniambia, "Baba kasema usipite hapo." Sijapita. Kiongozi hajadiliwi. Ukitaka jambo kwake unaandika barua, unaibandika kwenye ubao karibu na lifti, naye anajibu kwa barua. Hata chumvi karibu tutaiomba kwa maandishi.

Nitumie watano wengine. Jazi ina wazee wengi.

Mdogo wako,
Mlingoti wa Pili

---

Mjini, 14 Machi

Mdogo wangu,

Kwanza, nawasalimu wasomaji wote wa mapokezi. Hamjambo.

Pili, acha uongo. Ulipokuwa na miaka kumi na minne Mlingoti ulikuwa ukimwita Baba Usingizi. Namba moja wako alikuwa Mkwezi. Ulibandika picha yake chini ya kitanda changu ili uione ukilala. Yule aliyekuwa akiparamia shingo ya gitaa mpaka mtu ukadhani atatokea upande wa pili na nazi mkononi. Uliniudhi na Mkwezi miaka minne. Nikikwambia msikilize Babu Goti, sikiliza besi ya mbao inavyopumua, wewe unasema Babu Goti anapiga kama anasogeza kabati. Leo umempindua Mkwezi ukamweka Baba Usingizi kwenye kiti. Uzee huo, au kuna jambo?

Tatu, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Nimekubali kazi ya kufundisha kwenye chuo cha muziki, na nimeshaanza. Siwezi kufundisha mchana na kupiga kila jioni na bendi yangu ya watu watatu, mgongo umekataa. Kiti changu kitakuwa wazi kuanzia Juni. Nimewatajia jina lako. Mpiga dramu alicheka, akasema ndugu wa msusi si lazima awe msusi. Mpiga piano, mama mmoja mzito wa maneno, kwa mwaka mzima nimemsikia akisema sentensi kama sita, aliniambia: "Niletee kanda."

Hiyo ilikuwa ya saba.

Hapa hakuna nguzo. Jukwaa ni dogo kiasi kwamba mpiga besi asipoonekana ni kwa sababu kaenda chooni. Kila jioni tunabadilisha nyimbo, na zile tunazozirudia tunazipiga kama hatujawahi kukutana nazo. Leta kanda kabla mwezi wa nne haujafika mbali. Dakika kumi, peke yako, chochote unachotaka.

Dada yako

---

Hotelini, 1 Aprili

Dada,

Barua hii naiposta mwenyewe. Nimetembea mpaka mjini kwa kisingizio cha nyuzi. Nikirudi bila nyuzi nitasema zimekwisha.

Nilisoma barua yako chooni, mara tatu. Kisha nikakaa siku tisa nikijiambia sijaisoma. Unajua namna hiyo? Unapiga wimbo wa kumi na saba kama kawaida, halafu unagundua umepiga ubeti mmoja zaidi ya wenzako, tena kwenye wimbo wa kukatia keki.

Kanda hii hapa. Nimeirekodi kwenye chumba cha mashuka, kati ya chakula cha mchana na chai. Mke wangu nilimwambia naenda kunyoosha shati. Naona aibu kusema hivyo, maana shati lenyewe lilikuwa limenyooka. Utepe mwekundu niliubandua kwa uangalifu, nikaubandika ukutani, nikimaliza niurudishe. Mlango nikaufunga kwa ndani. Msikilizaji alikuwa mmoja, mama dobi, aliyekuwa anakunja foronya na akakataa kutoka. Nilipomaliza nikamuuliza, "Vipi?" Akafikiri. Akasema, "Ni kama mashine namba mbili, ila wewe huvuji."

Nimepaa, Dada. Nakwambia nimepaa. Miaka minane sijajiachia vile. Jasho lilinitoka nikajifutia taulo la wageni. Sikiliza hasa dakika ya sita, pale ninapomwita Mkwezi. Wewe utamtambua.

Nikichukuliwa nitamwambiaje mke wangu, sijui. Nitamwambiaje Kiongozi, sitaki kujua. Mpiga besi hapa akiondoka si mfanyakazi aliyeacha kazi, ni mkwe aliyetoroka. Tutazungumza hayo baadaye. Sikiliza kwanza.

Mdogo wako

---

Mjini, 12 Aprili

Mdogo wangu,

Nimeisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza na wenzangu, mara ya pili peke yangu. Mara ya tatu nilichukua gitaa la besi la mwanafunzi wangu nikakufuata noti kwa noti, kwa sababu nilihisi jambo ambalo sikutaka kuliamini mpaka nilishike kwa vidole.

Wakati wako ni mzuri. Sauti yako ni nzuri kuliko yangu. Hakuna noti hata moja iliyokosea njia.

Lakini hukupita kichuma cha tano. Dakika kumi nzima, hata mara moja. Dakika ya sita, pale unaposema umemwita Mkwezi, umefika cha tano, ukagusa, ukarudi chini. Umefanya hivyo mara kumi na nne. Nimehesabu.

Nani alikuwa chumbani nawe? Mama dobi, foronya, na mlango uliofungwa kwa ndani. Utepe uko ukutani. Nani alikuzuia?

Mpiga piano alisema, "Ni mzuri. Anapiga kama mtu anayepika kwenye jiko la watu." Kisha akaondoka.

Sikuandikii kukuumiza. Naandika kwa sababu sasa nimeelewa habari ya Mlingoti. Hukuzeeka ukampenda. Ulifungiwa, ukatafuta kwenye orodha nzima ya wapiga besi duniani yule mmoja anayefanana na aliyefungiwa, ukasema huyu ndiye bora. Mlingoti anasimama pale kwa sababu kachagua. Anaweza kwenda popote, na kila mtu ukumbini anajua, ndiyo maana noti yake moja ina uzito. Yako wewe ni moja kwa sababu nyingine.

Wamekubali kusubiri kanda ya pili mpaka tarehe 15 Mei. Baada ya hapo wana kijana wa chuoni kwetu, ana vidole kama buibui na adabu kidogo. Nisingependa.

Dada yako anayekupenda

---

Hotelini, 20 Aprili

Wifi,

Shikamoo.

Barua yako kwa mume wangu ilifika mikononi mwangu kwanza. Wifi yangu wa mapokezi aliifungua kama kawaida yake, akaisoma kama kawaida yake, kisha akafanya ambalo si kawaida yake, akaniletea akilia. Sikujua kwamba mtu akimfungulia mwenzake barua anaweza kujuta. Nimeisoma, unisamehe. Mume wangu nimempa, naye anaizungusha mfukoni siku ya tatu sasa. Anadhani sijaisoma. Anadhani hata ya shati sijui. Wifi, mume wangu hajawahi kunyoosha shati tangu tuoane.

Sasa nisikilize mimi.

Ule utepe niliubandika mimi.

Baba hakusema kitu. Siku ile ya watu wa bima, mume wangu alipopanda kule juu, mimi niliyekuwa naimba nilisahau maneno. Ilikuwa kama mtu amenishika mkono gizani. Lakini walipomaliza, meneja wa hoteli alinivuta pembeni, akaniambia wageni wamekuja kula, si kutazama, na akirudia huyo mumeo tutatafuta mwingine. Nikamtazama baba, baba kanuna, hazungumzi. Siku mbili hazungumzi. Nikaogopa. Wapiga besi wanapatikana, nikajisemea, mume kama huyu hapatikani. Nikaenda kwa fundi umeme nikaomba utepe. Kisha nikasema maneno yale, "Baba kasema." Nilijua angebishana na mimi. Na baba asingebishana.

Nilidhani ni wiki mbili, meneja asahau. Meneja mwenyewe aliondoka mwaka uliofuata. Nikasema nitautoa. Kila nikitaka kusema naona aibu imeongezeka, na yeye alishazoea, akawa anafanya mzaha nao, anawaonyesha watu wa jikoni, "huu ndio mpaka wangu wa kimataifa." Nikacheka nao. Miaka minane nacheka.

Sikujua umeingia ndani mpaka niliposoma hesabu yako. Mara kumi na nne.

Wifi, nakuomba umwandikie umwambie kichuma cha tano si kitu, ajaribu tena, kiti akipate aende. Mimi nitabaki na baba mpaka mkataba uishe mwezi wa pili mwakani, kisha nitamfuata. Lakini la utepe usimwambie. Nimekwambia wewe ili mtu mmoja awe anajua.

Wifi yako

---

Mjini, 27 Aprili

Wifi yangu,

Marahaba.

Barua yako imenikasirisha kwa saa moja, kisha ikanichosha, kisha nikakumbuka kwamba mimi nilikuwa na miaka minane hiyohiyo ya kuja kumwona na sikuja. Nilimtumia orodha za wapiga besi.

Sitamwambia. Wala sitamwambia kichuma cha tano si kitu, maana ni kitu. Mwambie wewe. Siyo kwa barua, wala kwenye ubao wa lifti. Mwambie kwa mdomo wako, mchana, mkiwa mmekaa.

Na usimpangie safari. Mmempangia vya kutosha, na mimi nimo.

Wifi yako

---

Hotelini, 5 Mei

Dada,

Mke wangu kaniambia. Jumapili, baada ya chakula cha mchana, kanikalisha juu ya kasha la dramu akasimama mbele yangu kama anataka kuimba. Nilidhani anataka kuniambia ana mimba, na kwa umri wetu nilishaanza kutunga hotuba.

Alipomaliza nilicheka. Nilicheka vibaya, mpaka shemeji mdogo akachungulia akauliza, "Kuna nini?" Nikamwambia, "Hakuna, shemeji, tunazungumzia umeme." Halafu nikaenda kutembea, nikatokea mlango wa nyuma nikazunguka hoteli mara sita, maana kwa mlango wa mbele sikuweza kutoka. Sikuzuiwa na mtu. Nilifika pale kwenye zulia, nikageuka.

Unajua kilichoniuma? Si kwamba alinidanganya. Nimemchukia baba mkwe miaka minane, kwa adabu zote, shikamoo kila asubuhi, na chuki yenyewe nilikuwa naipenda. Ilikuwa ndiyo sababu yangu. Mtu akiniuliza kwa nini mimi si Mkwezi, nilikuwa na jibu, jekundu, limebandikwa, kila mtu analiona. Sasa nimeporwa hata jibu.

Jumatatu nikautupa utepe. Nikapiga chakula cha mchana shingo ikiwa wazi. Wimbo wa tisa una nafasi nzuri, hata mtoto angepanda. Nikaenda. Cha tatu, cha nne, cha tano, mkono ukageuka wenyewe kama punda wa kinu. Jumanne tena. Jumatano nikajaribu kwenye chumba cha mashuka, nikiangalia mkono wangu kama mkono wa mtu mwingine, nikiuambia, nenda. Mama dobi akaniambia, "Baba, umeugua?" Nikamwambia, "Kidogo." Akaniletea maji.

Kwa hiyo kiti mpe kijana wa vidole vya buibui. Si unyonge huu, wala sitaki unitumie barua ya kunitia moyo. Nikija na kanda ya pili nitakuja na mkono uleule, na wenzako wana haki ya mpiga besi anayejua shingo yote.

Naomba kitu kingine. Umesema unafundisha. Nina miaka arobaini na minane, upara umefika utosini, na nataka kuingia darasani kwako, nikae nyuma ya watoto wa watu. Unianzishe kwenye kichuma cha sita kama mtu ambaye hajawahi kushika besi. Ukitaka unipe Babu Goti nimsikilize. Sitasema lolote kuhusu kabati.

Mke wangu kasoma barua hii kabla sijaifunga, nimempa mwenyewe. Kasema nisahihishe kitu kimoja: si mara sita nilizoizunguka hoteli, ni mara tisa. Alikuwa dirishani.

Kesho nabandika barua kwenye ubao.

Mdogo wako

---

Kwa Kiongozi wa Bendi,
Ubao wa Matangazo, karibu na lifti

6 Mei

YAH: MAOMBI YA LIKIZO

Kiongozi,

Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Mimi ni mpiga besi wa bendi hii kwa muda wa miaka kumi na moja na sijawahi kuchukua likizo, kwa kuwa sikujua kama ipo. Naomba siku kumi na nne kuanzia tarehe 12 Mei, niende kwa dada yangu kujifunza besi.

Naelewa kwamba ombi hili linaweza kuleta maswali, maana mtu aliyeajiriwa kwa kazi fulani hutazamiwa awe anaijua. Niko tayari kuyajibu.

Kama hakuna wa kushika nafasi yangu, naomba nielezwe mapema. Nitasafiri hata hivyo, ila ningependa kujua.

Wako mtiifu,
Mkwe

---

7 Mei

Mkwe wangu,

Ombi limekubaliwa.

Binti yangu amenieleza habari ya utepe juzi, kwa mdomo, mezani, kinyume cha utaratibu. Sikuubandika mimi. Lakini niliuona asubuhi ileile ya kwanza, na nilijua si kazi ya fundi, na sikuuliza. Wakati ule pumzi zangu zilikuwa zimeanza kupungua. Mtu mwenye pumzi chache anahitaji besi isiyotoka nyumbani, imfunike anapovuta pumzi. Nikajiambia, akichoka atautoa mwenyewe. Kila mwaka ulipopita bila kuutoa nilishukuru, na kila mwaka nilikuheshimu kidogo zaidi ya haki, ili nafsi isinisute. Hayo ningeyasema tungekuwa tunazungumza, lakini mimi kusema siwezi, ndiyo maana nikaweka ubao.

Sitatafuta wa kushika nafasi yako. Kwa siku kumi na nne tutapiga bila besi. Wanangu wamekusikia tangu ujana wao, hawajui wanasikia nini. Nataka wajue. Nami nitapumua pale nitakapopumua, wageni wanione.

Basi la asubuhi linaondoka saa mbili kamili. Besi usiipakie kwenye buti, kaa nayo.

Usiporudi, niandikie. Si lazima iwe ndefu.

Baba yako